Vipo, lakini usikimbilie marhamu

Umeuliza kama ngozi ya farasi ina vipokezi vya kanabinoidi (sehemu za seli zinazopokea kemikali za aina ya zile za bangi), kwa kuwa umeona marhamu ya CBD, kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya, inauzwa. Ndiyo, vipokezi viwili vya aina hiyo, CB1 na CB2, vimeonekana kwenye tabaka la juu la ngozi, mashina ya nywele na tezi za mafuta. Ila kipokezi kuwepo si ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Hapo ndipo wauzaji huruka haraka haraka. Farasi anayejikuna mpaka singa zinakatika na shina la mkia linachubuka, mara nyingi ana mzio wa mate ya usubi. Mvalishe shuka la wavu, muingize bandani kabla ya magharibi, umwite daktari wa mifugo. Na kama anashindana, FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, hairuhusu CBD mashindanoni.