Radio Študent ni ya 1969

Ukidhani Radio Študent (yaani "Redio Mwanafunzi") ilizaliwa na uhuru wa Slovenia wa 1991, hapana. Redio hii ya Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, ilianza kurusha matangazo Mei 1969, Slovenia ikiwa bado sehemu ya Yugoslavia ya Rais Tito, mwaka mmoja tu baada ya maandamano ya wanafunzi ya 1968. Waliianzisha wanafunzi kupitia jumuiya yao, si utawala wa chuo, na studio ikawekwa hukohuko mabwenini. Mimi huisikiliza kwa intaneti. Wenyeji wanaipata 89.3 FM. Siasa, sayansi, kisha ghafla muziki wa panki, na mazungumzo karibu yote ni kwa Kislovenia, kwa hiyo mwenzenu hubaki na muziki. Ila jina lisikudanganye, si kila mtangazaji pale bado ni mwanafunzi.