Vishimo vya chunusi na maikronidlingi: rola ya nyumbani au kliniki?

Mkuu, umeuliza kama rola ya sindano ya kununua mtandaoni itakuondolea vishimo vya chunusi mashavuni, au ulipie kliniki. Nimefanyiwa maikronidlingi, yaani kutobolewa ngozi kwa sindano nyingi ndogo, kwa vishimo hivyohivyo, na jibu langu ni kliniki, ila si kwa kila kishimo.

Kinachotibu pale ni majeraha yenyewe. Sindano zinatoboa ngozi, mwili unaanza kujiponya, na katika kuponya huko unajenga kolajeni mpya (protini inayoipa ngozi uimara) chini, kwenye ngozi ya ndani. Kwa hiyo urefu wa sindano ndio mwamuzi. Rola nyingi za nyumbani ni za milimita 0.2 hadi 0.3, zinagusa tabaka la juu na kusaidia krimu kupenya, kovu haziligusi. Kwa makovu ya mashavuni daktari hushuka hadi milimita 1.5 au 2, na hupunguza akifika kwenye paji la uso, maana mfupa uko karibu. Na tafadhali usiende kutafuta rola ndefu. Rola huingia kwa mshazari na kutoka kwa mshazari, hivyo inaweza kuchana ngozi, na huna namna ya kuisafisha kama inavyotakiwa.

Kabla hujalipa, simama karibu na dirisha mwanga ukupige kwa ubavuni, uvitazame vishimo. Mabonde mapana yenye kingo laini hujibu vizuri. Yangu yamepungua sana, ingawa hayajaisha. Vile vyembamba vya kuzama, kama umechomwa na ncha ya msumari, huwa havisikii. Ninavyo pembeni mwa pua, na vipo mpaka leo. Vishimo vya aina hiyo madaktari huvitibu kwa njia nyingine, mfano asidi kali inayodondoshwa ndani ya kila kishimo.

Maumivu? Unapakwa krimu ya ganzi kwanza, halafu mashavu unayavumilia. Juu ya mdomo ndipo utakapokaza vidole vya miguu. Siku mbili tatu uso unawaka na kukaza kama umeungua jua, kisha unapauka na kubanduka. Kipindi hicho weka kando krimu za retinoli (aina ya vitamini A), asidi na seramu ya vitamini C. Matundu bado mabichi, na kuna watu walioota vinundu kwa sababu ya seramu zilizosukumwa ndani ya ngozi. Tumia kilainishi kisicho na manukato, na ngozi ikitulia, krimu ya kukinga jua kila siku.

Picha za “kabla na baada” zilizopigwa kesho yake zinanichekesha. Ngozi iliyovimba huficha vishimo! Kolajeni hujengwa polepole, kwa hiyo matokeo ya kweli huonekana baada ya miezi 3 hadi 6, na vikao huachana kwa wiki 4 hadi 6.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, njia hii haitumii joto kama leza, hivyo hatari ya kubaki na madoa ni ndogo zaidi. Haijaisha, ni ndogo. Zile mashine za sindano zenye mawimbi ya redio hupasha joto, hizo ni habari nyingine. Kama makovu yako huwa yanavimba na kuwa keloidi, una chunusi mbichi au malengelenge mdomoni, au unatumia isotretinoini (dawa kali ya kumeza ya chunusi) au dawa za kuzuia damu kuganda, ongea na daktari wa ngozi kwanza.

Usafi nauweka juu ya bei. Marekani, huko New Mexico, uchunguzi ulioanza 2018 ulihusisha maambukizi ya VVU na spa isiyo na leseni iliyokuwa ikichoma watu sindano usoni na kuwapaka damu yao wenyewe. Mwambie mhudumu afungue kichwa kipya cha sindano mbele ya macho yako, na kikitumika kitupwe ukiwa hapohapo. Akisita, usilale kwenye kile kitanda.