Seli za kinga "husindika" au "huchakata" protini?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu watu wanaodhurika kwa nyama nyekundu baada ya kuumwa na kupe. Nimeandika: "Seli za kinga husindika protini za sukari za nyama nyekundu. Dalili huanza kati ya saa 2 na saa 6." Mhariri anataka "humeng'enya". Nani amepatia?

JIBU: Nyote mmekosa kidogo, ingawa mhariri amekaribia zaidi. Kusindika huishia kwenye bidhaa: alizeti husindikwa ikatoka mafuta. Kumeng'enya ni kazi ya tumbo, na mwisho wake ni lishe. Seli ya kinga haitafuti kimoja kati ya hivyo. Huimeza protini, huikatakata kwa vimeng'enya ndani ya vifuko vyenye asidi, kisha huvipachika vipande kwenye utando wake wa nje ili seli T, ambazo nazo ni seli za kinga, zivikague. Kitenzi kinachofaa ni kuchakata, kilekile cha mkonge, ambao hupondwa ili nyuzi zibaki.

Angalia pia kinachochakatwa. Seli T kwa kawaida husoma vipande vya protini. Sukari yenyewe, iitwayo alfa-gali, hunaswa na kingamwili za aina ya IgE, zile zinazoamsha mzio. Ukiandika "huchakata sukari" utakuwa umepotosha sayansi, si lugha tu.

"Protini za sukari" nayo haifai. Kikombe cha chai chaweza kuwa kitupu kabatini. Kikombe chenye chai hakiwezi. Kiunganishi -a kinaacha shaka, na msomaji atadhani protini hizo zimetengenezwa kwa sukari. Andika "protini zenye sukari", au "zilizobeba sukari" ukitaka picha ionekane.

"Nyama nyekundu" iache kwenye kichwa cha habari, lakini ndani ya makala fafanua kuwa ni nyama ya mamalia: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe. Nyama ya jodari ni nyekundu na ya mbuni pia, ila samaki na ndege hawana alfa-gali. Binadamu naye hana, ndiyo maana mwili wake huiona ngeni.

Kwa hali hii ya kudhurika na chakula, neno "mzio" limetulia. Zamani lilitaja hasa chakula chenyewe ambacho mtu hukiepuka kwa sababu kinamdhuru au ni mwiko kwake. Leo tunasema "ana mzio wa nyama".

Kosa la hatari zaidi hukuliuliza. "Kati ya saa 2 na saa 6" kwa Mswahili ni asubuhi hadi adhuhuri! Mgonjwa aliyekula usiku atajiona salama, kumbe muda huhesabiwa tangu alipokula.

Sentensi zako ziwe hivi: "Seli za kinga huchakata protini zenye sukari ya alfa-gali, zilizomo katika nyama ya mamalia. Dalili kwa kawaida huanza baada ya muda wa saa 2 hadi 6 tangu mtu alipokula."