Usiifungue Yote: Kufufua Pikipiki ya Zamani Nyumbani kwa Pesa Kidogo

Pikipiki yangu ya kwanza ya zamani niliifungua yote ndani ya Jumamosi mbili. Nilishusha injini, nikavua nyaya, nikatoa madigadi, taa na siti, mpaka ikabaki fremu tupu imeegemea ukuta. Fremu nikaipeleka kupakwa rangi, ikarudi inang'aa, na hapo ndipo pesa zilipoisha. Vitu vingine vilikaa kwenye maboksi karibu miaka miwili. Niliporudi kuvifunga sikukumbuka bushi ipi inakaa upande gani wa ekseli, na bolti zote nilikuwa nimezitupia kwenye ndoo moja. Mwishowe niliiuza ikiwa vipande, chini ya bei niliyonunulia.

Ya pili ilikuwa Honda CG125. Hiyo niliifufua ikiwa imesimama kwenye magurudumu yake tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nilishika sehemu moja, nikaimaliza, nikaifunga, ndipo nikahamia nyingine. Ndiyo ninayoiendesha hadi leo. Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye tofauti ya pikipiki hizo mbili: pikipiki kwanza iwake, kisha ishike breki, urembo ufuate.

Ukienda kununua

Wengi wanaogopa kutu. Mimi naogopa zaidi kitu ambacho hakipo. Kutu ya juu juu inatoka kwa msasa na jasho lako mwenyewe, lakini kava la pembeni lililopotea, kifuniko cha tangi au saa ya mwendo vinaweza kukumalizia pesa kuliko pistoni na ringi zake. Ndiyo maana pikipiki iliyokufa lakini imekamilika naiona bora kuliko inayowaka huku nusu yake imo kwenye kiroba. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zile za kwenye kadi ya umiliki kabla hujatoa hata senti. Ukiona namba imekwaruzwa au imegongwa upya, ondoka.

Modeli nayo ina uzito wake. CG125 ilianza kutoka mwaka 1976, na Honda waliiunda kwa ajili ya watu wanaofanya kazi na pikipiki kila siku bila muda wa kuihudumia. Valvu zake zinasukumwa na fito badala ya kuendeshwa na cheni ya ndani, na injini hiyo imenakiliwa na viwanda vingi sana. Kwa anayeanza, hilo ndilo la kutafuta: injini rahisi yenye spea nyingi. Pikipiki adimu ni nzuri kuitazama, lakini gasketi yake moja inaweza kukusimamisha miezi sita.

Mambo mawili ya kupima hapohapo kwa muuzaji. Bonyeza kiki polepole kwa mkono uone kama injini inazunguka. Kisha inua gurudumu la mbele, shika usukani, uzungushe kushoto na kulia. Ukisikia kama unaingia kwenye kishimo pale katikati, beringi za usukani zimekwisha. Hizo hazinizuii kununua, ila zinanipa neno la kusema kwenye bei.

Injini iliyoshikana

Kiki ikigoma, usiipande kwa uzito wako wote. Toa plagi, changanya oili ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, mimina kidogo kwenye tundu la plagi, uache. Kazi hii ifanye mahali penye hewa na pasipo moto, kwa sababu asetoni inawaka haraka. Baada ya siku mbili tatu weka gia ya juu kabisa, sukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma kidogo kidogo. Ongeza mchanganyiko, subiri tena. Yangu ilisogea siku ya tisa, kiasi cha upana wa kidole pale kwenye tairi, na nilikaa chini nikashukuru. Mtu aliyeiruka kiki kwa nguvu angekuwa ameshavunja meno ya gia zake.

Ikishalegea, usikimbilie kuiwasha. Badilisha oili, piga kiki mara ishirini plagi ikiwa nje ili oili ipande, kisha weka kidole gumba kwenye tundu la plagi. Kikisukumwa nje kwa nguvu, kuna uhai. Nafasi ya valvu, ule uwazi mdogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma, ipime injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, yaani valvu zote mbili zimefungwa. Kwa CG125 nafasi ni milimita 0.08, na fila geji ya kuipima, vile vibati vyembamba vyenye unene uliopimwa, ni kati ya zana rahisi kuliko zote.

Injini yangu sikuifungua chini hata mara moja. Haikuwa na moshi wa bluu, haikugonga, mgandamizo ulikuwepo. Kuna hamu kubwa ya kufungua kila kitu "ili nione ndani", na hamu hiyo ndiyo iliyoniponza mara ya kwanza. Ukifungua, andaa pesa ya gasketi zote na sili zote, hata kama ulichokuta ndani ni kizima.

Skrubu, kabla hujaziharibu

Hili laiti mtu angenieleza mapema. Skrubu za msalaba kwenye pikipiki za Kijapani si sawa na zile za kawaida ingawa zinafanana kwa macho. Zimetengenezwa kwa kipimo cha JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani, na bisibisi ya kawaida haikai hadi chini. Ukizungusha inapanda, inakula kichwa cha skrubu. Nilimaliza skrubu nne za kava la klachi nikidhani zimekufa kwa kutu, kumbe tatizo lilikuwa mkononi mwangu. Nunua bisibisi ya JIS hata kama ni moja tu, na ile ya kugonga kwa nyundo inayozunguka yenyewe kidogo kila ikipigwa. Kati ya zana zote nilizonunua, hizo mbili ndizo zilizorudisha pesa yake haraka zaidi.

Kabla ya kugusa kitu, piga picha, kwa mbali na kwa karibu. Kila kundi la bolti liwe kwenye mfuko wake wenye maandishi. Mimi hutoboa kipande cha boksi kwa umbo la kava na kuchomeka kila bolti mahali pake, kwa sababu urefu wake hutofautiana, na bolti ndefu ikiingia tundu la fupi unaweza kupasua kesi ya alumini.

Kabureta: kitundu kimoja

Pikipiki iliyolala muda mrefu, ukishaona plagi inatoa cheche, mara nyingi ugonjwa uko kwenye kabureta. Petroli inapokauka huacha gundi ya kahawia, na gundi hiyo hupenda kukaa kwenye jeti ya sailensi, kile kipande chenye tundu dogo kuliko yote kinacholisha injini petroli ikiwa inaunguruma bila kupewa mafuta. Itoe, inyanyue kwenye mwanga, ufunge jicho moja. Unatakiwa kuona nuru kama ncha ya sindano. Mimi sikuona chochote. Niliiloweka usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta, asubuhi nikachambua waya wa umeme uliokatika, nikachukua uzi mmoja wa shaba, nikaupitisha taratibu. Kikatoka kidonge cha kijani kidogo kuliko chembe ya mchanga. Usitumie waya wa chuma wala sindano, kwa sababu shaba ya njano ya jeti ni laini, na ukiipanua hata kidogo pikipiki itakula mafuta kupita kiasi na hutajua kwa nini.

Skrubu ya hewa, kabla ya kuitoa, ikaze ndani polepole huku ukihesabu mizunguko, uandike. Hapo ndipo utakapoirudisha.

Na ukisafisha kabureta bila kusafisha tangi, utairudia kazi wiki ijayo. Tangi langu nilitoa koki na kifuniko, nikaziba, nikajaza siki nyeupe, nikatia kipande cha cheni ya zamani na kulitikisa kila nilipopita karibu. Siku mbili. Kisha nikamwaga, nikasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, nikalikausha papo hapo kwa hewa ya moto, nikazungusha oili kidogo ndani. Ukichelewa kukausha, kutu mpya inaanza unaitazama. Kama tangi lina tundu, usithubutu kulichomelea mwenyewe. Mvuke wa petroli hubaki kwenye mikunjo ya bati hata baada ya miaka, na unalipuka.

Umeme

Nyaya ndizo zinazowakatisha wengi tamaa, na mara nyingi kosa ni moja tu: waya wa kurudi, yaani wa bodi. Umeme unaenda vizuri, hauna njia ya kurudi. Ile fremu yangu ya kwanza iliyong'aa ilikuwa imepakwa rangi hata kwenye matundu ambapo waya wa bodi unafungwa, na rangi haipitishi umeme. Kwa hiyo kwangua rangi mpaka chuma kionekane pale tu pa kugusana, funga, kisha paka grisi juu.

Rangi za nyaya zina maana, na ukizijua unaokoa siku nzima. Kwa Honda bodi ni kijani. Kwa Yamaha ni nyeusi. Suzuki hutumia nyeusi yenye mstari mweupe, Kawasaki nyeusi yenye mstari wa njano. Mita ya umeme ya bei ya chini kabisa inatosha kufuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Angalia pia volti kabla ya kununua betri au balbu: CG125 za mwanzo ni za volti 6, na betri ya volti 12 humo itaunguza balbu zote.

Pesa iende wapi

Pesa ya kwanza kabisa iende kwenye tairi, breki, cheni na beringi za magurudumu. Tairi la zamani linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzima na bado limekufa. Mpira umekauka na haushiki barabara. Ubavuni tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT: 3714 maana yake lilitengenezwa wiki ya 37 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000, litoe hata kama linapendeza. Ukifungua ngoma za breki usipulizie vumbi lake kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kitupe.

Kuna kazi mbili za kumlipa fundi bila kujuta: kuchonga silinda, na kupuliza rangi ya juu kwenye tangi. Rangi ya kopo ya kawaida huyeyuka ikidondokewa na petroli. Ile inayostahimili huchanganywa na kigumishi chenye sumu ya mapafu, na barakoa ya vumbi haiizuii. Fremu, madigadi na vikombe vya taa nilivipaka mwenyewe, nikianza na msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, na tabaka nyembamba nyingi badala ya moja nene.

Ukitaka kuibadilisha umbo

Naelewa hamu hiyo, nami ninayo. Mtindo wa café racer ulikua miaka ya 1950 na 1960 kati ya vijana wa Uingereza waliokuwa wakikutana sehemu kama Ace Cafe, London. Walishusha usukani, wakavua vilivyozidi uzito, wakitaka mwendo. Walichokifanya kilikuwa na sababu, na hicho ndicho ninachokipima kabla ya kukata kitu chochote: kinafanya nini?

Anza na yanayoweza kurudishwa. Usukani mpya, siti mpya juu ya bati la zamani, taa ndogo. Ukibadilisha usukani, uzungushe hadi mwisho pande zote injini ikiwa inawaka. Muungurumo ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umevutwa, na hiyo ni ajali inayokusubiri kwenye kona. Ukitoa boksi la hewa na kuweka chujio la koni, hewa inazidi mafuta, injini inachemka, na itakubidi uongeze ukubwa wa jeti kuu. Plagi itakuambia: nyeupe ni njaa ya mafuta, nyeusi yenye masizi ni shibe iliyozidi, kahawia nyepesi ndiyo unayoitaka.

Kukata mkia wa fremu kuache mpaka umeiendesha pikipiki ikiwa nzima kwa miezi kadhaa. Mimi nilikuwa nimeshachora mstari wa kukata kwa chaki. Baada ya miezi mitatu ya kuiendesha niliufuta, kwa kuwa nilitambua kuwa sehemu ile ndiyo inayoshika ncha za juu za shokapu, na siti ndefu ilinifaa.

Safari ya kwanza iwe fupi, na spana namba 10, 12, 14 na 17 ziwe mfukoni. Baada ya kilomita 20 simama, gusa kila bolti, pima mkazo wa cheni, shika ngoma za breki kwa tahadhari usikie kama moja ina joto kuliko nyingine. Spoki zigonge kwa spana moja moja. Inayotoa sauti nzito imelegea. Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 200 hivi, uipitishe kwenye kitambaa cheupe ukiwa juani, utazame kinachobaki.