Port Royal haikuzama mara mbili: kwa mnaoanza kuorodhesha matetemeko ya kale

Wadogo zangu, juzi usiku nimefungua jedwali mlilonitumia, la matetemeko ya visiwa vya Karibi enzi za ukoloni. Mstari mmoja umeandikwa: Port Royal, Jamaika, 7 Juni 1692, kitetemo kikuu. Mstari wa chini yake: Port Royal, Jamaika, 17 Juni 1692, kitetemo cha baadaye, kikubwa. Nikafunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Sikukasirika, wallahi. Nimeliona kosa langu mwenyewe likinirudia baada ya miaka kumi na moja, limevaa mwandiko wa watu wengine, na moyo ukaniruka.

Kazi yenu kwa jumla ni nzuri kuliko yangu ya mwaka wa kwanza. Lakini haya lazima niyaseme, tena niyaandike, kwa sababu ya mdomo mmeyasikia na mmeyasahau.

1. Pigeni picha ukurasa mzima wa waraka, pamoja na pembezoni. Msikate ule mstari mnaoutaka peke yake.

2. Tarehe ya chanzo iandikwe kama chanzo kilivyoiandika, katika safu yake, isiguswe na mtu. Tarehe iliyogeuzwa ikae katika safu ya pili. Safu ya tatu iseme ni kalenda gani, na mmejuaje.

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilieni.

Mnajua kwamba Waingereza waliing'ang'ania kalenda ya kale ya Juliasi hadi 1752. Wahispania wa Cuba na Wafaransa wa Saint-Domingue (Haiti ya leo), majirani wa bahari ileile, walikuwa wanatumia ya Gregori iliyoanza 1582. Karne ya 17 kalenda hizo zilipishana siku kumi. Basi Jumanne moja ya mwaka 1692, kabla ya adhuhuri, mji wa Port Royal ulipotetemeka, Mwingereza aliandika 7 Juni na Mfaransa angeandika 17 Juni. Jumanne ni ileile. Atakayeona jambo hili ni gumu amkumbuke bibi yake wa pwani: mtoto akizaliwa, bibi anaandika tarehe ya Hijria nyuma ya msahafu, kliniki wanaandika tarehe ya miladi kwenye kadi, na hakuna hata siku moja aliyesema mtoto kazaliwa mara mbili.

Mimi nilisema mtoto kazaliwa mara mbili. Nilikuwa na barua za mashahidi, zenye tarehe za Kiingereza, na orodha moja ya baadaye ambayo mtungaji wake alikwisha geuza tarehe zote kimyakimya. Nikazimwaga zote katika jedwali moja. Zikatoka Port Royal mbili. Badala ya kushtuka, nilifurahi! Nikaona nimegundua tetemeko la pili lililofuata la kwanza baada ya siku kumi, la nguvu karibu sawa. Nikachora grafu. Nikaandika kurasa sita nikieleza jinsi ufa wa kusini mwa kisiwa ulivyopasuka sehemu moja, ukapumzika, ukapasuka sehemu ya pili. Zilikuwa kurasa tamu, na hadi leo naona haya nikikumbuka nilivyozipenda.

Siku ya semina nikasimama mbele ya watu nikazisoma. Mzee mmoja aliyenifundisha, aliyekaa nyuma kabisa, akaniuliza kwa upole: mchungaji Emmanuel Heath aliandika barua yake ya kwanza lini? Nikajibu, 22 Juni, akiwa ndani ya meli iitwayo Granada, bandarini Port Royal. Akasema, vema, kwa hiyo siku tano kabla ya kuandika, mji umepigwa mara ya pili. Anasemaje juu ya pigo hilo?

Hasemi kitu. Barua ile nilikuwa nimeisoma mara tatu. Heath anaeleza alivyotoka kusali kanisani, akaenda kukaa na John White, rais wa baraza, wakinywa divai ya pakanga kabla ya chakula cha mchana. Ardhi ikaanza kuyumba chini ya miguu yao. Heath akauliza ni nini, White akamwambia ni tetemeko, usiogope, litapita sasa hivi. Halikupita, likaongezeka, wakasikia kanisa na mnara wake vikianguka. Nyumba ya nahodha aliyekuwa amemwalika Heath kula mchana huo ikazama. Mtu anayekumbuka hata alichokuwa anakunywa angesahau maangamizi ya Ijumaa iliyopita? Anasema tu kwamba ardhi bado haijatulia, inatikisika tena na tena, na hiyo ndiyo mitetemo ya baadaye ya kweli. Mitetemo hiyo ndiyo iliyonidanganya, kwa kuwa ilifanya mstari wangu wa uongo uonekane una ndugu.

Hilo bado si baya kuliko yote. Usiku ule, kwa fedheha na haraka, nikaamua kusafisha jedwali lote kwa mkupuo: nikaongeza siku kumi kila mstari. Hata iliyokwisha geuzwa. Ile 17 Juni ikawa 27 Juni. Tetemeko la Sisilia la 11 Januari 1693, kisiwa kilichokuwa chini ya Wahispania na kwa hiyo tarehe yake ni ya Gregori tangu mwanzo, likawa 21 Januari. Ya karne ya 18 nayo nikayaongezea kumi, wakati tofauti ilikwisha kuwa siku kumi na moja. Kisha nikaliweka mahali pa jedwali la zamani, kwa jina lilelile la faili, na nakala safi sikuwa nayo tena.

Dada mmoja aliyekuwa akimalizia tasnifu yake alilichukua jedwali hilo wiki iyo hiyo. Alinijua, akaniamini, akajenga sura nzima juu yake. Nilipogundua, nilipanda basi nikaenda kumwambia ana kwa ana, maana simu ilinishinda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniletea chai, akafungua daftari akaniuliza tuanzie mstari gani. Tulikaa siku tisa tukirudia chanzo kimoja kimoja. Muhula ule hakuhitimu. Hajawahi kunisema, na ndiyo maana siwezi kuusahau uso wake kila nikiona tarehe isiyo na kalenda pembeni yake.

Njia fupi ya kujikagua: tafuteni siku ya juma. Mageuzi ya kalenda hayakugusa mfuatano wa siku za juma. Tarehe mbili, Jumanne moja, siku kumi katikati: shukuni kwanza, furahini baadaye.

Na mwaka mpya wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Januari ya 1692 kwa karani wa London yaweza kuja miezi saba baada ya Juni ya 1692. Someni sentensi hiyo tena.

3. Saa. Ndugu yenu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa nampenda, ameandika kwamba Port Royal ilipigwa "saa 11:43". Msomaji wa Kiswahili akiona saa kumi na moja anafikiria alfajiri au jioni, na huyu ametuhamishia maafa kutoka mchana kweupe kwenda alfajiri au jioni. Ni saa tano na dakika 43 asubuhi. Jikoni watu wanaandaa chakula, gatini mizigo inashushwa, kanisani sala zimekwisha. Ukikosea saa umekosea nani alikuwa ndani ya nyumba na nani alikuwa barabarani.

Na jueni dakika hizo 43 zimetoka wapi. Mwaka 1959 Edwin Link alipozamia mji uliozama, iliopolewa saa ya mfukoni iliyotengenezwa na Paul Blondel mnamo 1686. Mishale ilikwisha liwa na chumvi. Alama zake zilionekana kwa picha ya eksirei. Ni saa moja ya mtu mmoja. Tunaiamini kwa sababu inakubaliana na mashahidi wanaosema ni kati ya saa tano na saa sita. Bila wao ingekuwa saa iliyosimama tu.

4. Ukali si ukubwa. Nimechoka kulisema hili! Ukubwa ni namba moja kwa tetemeko zima, na kwa 1692 ni makadirio tu, kama 7.5, maana hapakuwa na chombo cha kupimia. Ukali, yaani jinsi mahali palivyotikiswa na kuharibiwa, ni wa kila mahali peke yake. Msichukue kuzama kwa Port Royal mkakupaka kisiwa kizima. Mji ule wa matofali na ghorofa ulikaa juu ya mchanga mtupu, kwenye ncha ya ulimi wa ardhi uitwao Palisadoes. Mchanga ulioshiba maji ukitikiswa unalegea kama uji, na nyumba za wenye mali zikashuka ndani yake zikiwa wima. Theluthi mbili za mji, kama hekta 13, zikaingia baharini, kisha maji yakaja juu. Meli ya kivita Swan ilibebwa ikapitishwa juu ya mapaa, na watu walioishika wakaokoka. Huo ni ushahidi juu ya mchanga kwanza, juu ya ufa baadaye.

5. Ulizeni shahidi anasema lini, na anapata nini. Kaburi la Lewis Galdy, mkazi wa Port Royal, linasimulia alivyomezwa na ardhi, akarushwa baharini na mtikisiko mwingine, akaogelea akaokolewa. Alikufa 1739. Jiwe ni la 1739, liandikeni hivyo. Na Kingston, mji ulioanzishwa na wahamiaji wa Port Royal ng'ambo ya bandari, ulipopigwa 14 Januari 1907 kisha ukaungua, kampuni za bima hazikutaka kulipa moto uliosababishwa na tetemeko. Swali la nini kilitangulia, moto au tetemeko, likaenda mahakamani. Ushuhuda wa aina hiyo una bei, na bei yake iandikwe kwenye maelezo.

6. Safu ya waliokufa. Mmeandika 2,000 mkaendelea. Hao ni makadirio ya siku ile. Maradhi yaliwaua maelfu wengine katika majuma yaliyofuata. Mji ulikuwa na watu kama 6,500, na sehemu kubwa walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Barua tunazozitegemea zinataja nahodha, mfanyabiashara, mchungaji, rais wa baraza. Za watumwa sijaona jina hata moja, na nimetafuta. Kwa hiyo pembeni ya 2,000 andikeni nani amehesabu na nani hakuhesabiwa. Msiiache namba ile peke yake kana kwamba imetoka kwenye daftari la vifo.

Jedwali nimelirudisha. Mistari yenye rangi ya njano ni kumi na minne. Sikurekebisha hata mmoja, na nakala ya mlivyoliandika nimeihifadhi. Anzeni na ule wa Port Royal, barua ya Heath ikiwa wazi mbele yenu; nitapita Alhamisi baada ya alasiri.