Jibu: inategemea wastani unauchukulia wapi
Ndugu, umeuliza kama fanksheni inarudishika (yaani inaweza kupatikana tena kamili) pale sensa, kifaa cha kupimia, inapokupa wastani tu, si thamani yenyewe. Tuseme fanksheni hiyo, f, ni mistari iliyonyooka iliyoungana kwenye namba kamili n. Wastani wa kuanzia n − ½ hadi n + ½ huchanganya thamani tatu jirani kwa uzani ⅛, ¾, ⅛. Fourier ya uzani huo (inayoonyesha wimbi la kila masafa ω linabaki kwa kiasi gani) ni ¾ + ¼cos ω, haishuki chini ya ½, kwa hiyo konvolusheni, yaani huko kuchanganya thamani jirani, inageuzika na kosa la kipimo halikui zaidi ya mara mbili.

Sasa sogeza dirisha (kipande unachochukulia wastani) nusu hatua tu, n hadi n + 1. Uzani unakuwa ½, ½, na f inayopishana 1, −1, 1, −1 inakupa sifuri tupu! Kuongeza biti za sensa, yaani usahihi wa kila kipimo, hakusaidii hapo, sogeza dirisha.