Kukimbia Lamu kwa kufuata mapigo ya moyo: kwa anayeanza

Wiki ya kwanza ya saa yako mpya usijiwekee lengo lolote. Ivae ukilala, ivae ukienda sokoni, ivae ukitembea kando ya bahari kutoka mjini hadi Shela. Ujue kwanza moyo wako una tabia gani. Kipimo cha muhimu kuliko vyote ni cha alfajiri, ukiwa bado kitandani, kabla hujainuka kwenda kutawadha. Kichukue asubuhi kadhaa mfululizo upate wastani. Watu wazima wengi huwa kati ya mapigo 60 na 100 kwa dakika, na aliyezoea kukimbia hushuka hata chini ya 50.

Kisha utataka kujua upeo, yaani mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wako unaweza kufika. Wengi watakuambia utoe umri wako kwenye 220. Hayo ni makadirio tu, na watu wa rika moja hutofautiana kwa mapigo 10 na zaidi, juu au chini. Mwaka 2001 mtafiti Tanaka na wenzake walichapisha kanuni nyingine: chukua 208, utoe asilimia 70 ya umri. Mtu wa miaka 40 hupata 180 kwa kanuni zote mbili. Wa miaka 60 hupata 160 kwa ile ya zamani na 166 kwa hii. Mimi nawapa wanaoanza hii ya pili, hasa waliopita miaka 40, kwa kuwa ile ya kwanza huwakadiria chini.

Sasa unganisha upeo huo na mapigo yako ya kitandani kwa njia ya mtafiti Martti Karvonen wa Finland, inayotumika tangu miaka ya 1950. Tuseme una miaka 30, upeo wako ni 187 na mapigo ya kitandani ni 62. Tofauti yake ni 125. Chukua asilimia 60 hadi 70 ya hiyo 125, uongeze 62, utapata kama 137 hadi 150. Hapo ndipo mbio zako za kawaida zinapotakiwa kukaa. Ukiwa hapo unaweza kuongea sentensi nzima na mwenzako bila kukatika pumzi, na kama saa inasema 145 nawe huwezi kuitikia salamu, amini pumzi.

Hapa ndipo wanaoanza wanaponiacha. Mwendo unaotokana na hesabu hiyo ni wa polepole mno, pengine utalazimika kutembea kila baada ya dakika chache, na wazee walioketi barazani watakuuliza kama unaumwa. Waitikie, uendelee vivyo hivyo. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, alipochunguza ratiba za wanamichezo wa kiwango cha juu wa mbio ndefu, makasia na kuteleza thelujini, alikuta takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Kwa hiyo usione aibu. Vijana wetu wengi huanza kwa kukimbia kwa nguvu kila siku, mwezi haujaisha goti linauma na viatu vimewekwa uvunguni.

Ukisoma ratiba zilizoandikwa kwa watu wa nchi za baridi, au hata kwa watu wa Iten, mji wa wakimbiaji kule nyanda za juu, kumbuka hawakuwa na joto letu. Hapa hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo unalazimika kupeleka damu kwenye misuli na pia kwenye ngozi ili joto litoke, huku maji ya damu yakipungua kwa jasho. Kila pigo linasukuma damu kidogo kuliko mwanzo, basi mapigo yanaongezeka. Ndiyo maana utaanza na 140, na baada ya dakika 40 kwa mwendo uleule saa inasoma 155. Mwendo haukubadilika, ila kazi ya moyo imeongezeka. Punguza mwendo urudi ndani ya mipaka yako. Kwa mgeni aliyetoka bara nasisitiza zaidi: mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi ili uzoee joto.

Upepo nao una hila yake. Wakati wa kaskazi, ukitoka Shela kuufuata ufuo kuelekea Kipungani, upepo uko mgongoni. Miguu ni myepesi lakini huhisi hewa usoni, joto linakuganda, na mapigo yanapanda bila wewe kujua sababu. Ukigeuka kurudi upepo unakupinga, ila unakupoza. Anza kwenda kwa mapigo ya chini kabisa ya kiwango chako, ubakishe nguvu za kurudi.

Mchanga mkavu sahau kwa miezi ya mwanzo. Kimbia maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu uliolowa. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba yako ya wiki ifuate maji. Siku ambayo maji yamejaa alfajiri, baki njia ya kando ya bahari, na uwapishe punda wenye mizigo.

Kuhusu kifaa chenyewe: saa ya mkononi husoma kwa mwanga unaopenya ngozini. Ikilegea, au jasho likiingia chini yake, husoma ovyo, na wakati mwingine huhesabu hatua badala ya mapigo. Ukiona 170 ghafla nawe unapumua kwa raha, ndiyo hiyo. Ikaze, uisogeze juu kidogo ya mfupa wa kifundo. Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo na ni wa kuaminika zaidi. Ulowanishe sehemu zake za kugusa mwili kabla ya kuvaa, na ukirudi uuoshe kwa maji baridi, kwani chumvi ya jasho huuharibu.

Kahawa chungu na miraa hupandisha mapigo, na sitaki kabisa ukimbie huku umetafuna. Baadhi ya dawa za presha huyashusha, na hapo hesabu zote za juu hazikufai. Muulize daktari akupe mipaka. Mwenye presha, kisukari au zaidi ya miaka 40 aliyekaa muda mrefu bila mazoezi apimwe kwanza. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama hapohapo, uombe msaada. Ramadhani kimbia muda mfupi, karibu na futari, ukijua mwili umepungukiwa maji.

Mara moja kwa mwezi rudia njia moja, urefu uleule, kwa mapigo yaleyale, tuseme 145, na uandike ulitumia dakika ngapi. Kando yake andika saa uliyokimbia, maji yalikuwaje na upepo gani ulivuma, kwa sababu muda wa kaskazi huwezi kuulinganisha na wa kusi.